Fundi Twalibu na Kioo cha Kusemea

Mtaa mzima wa Mtendeni, mjini Tabora, ulijua kwamba Twalibu bin Shaban ni mwoga, na mwenyewe hakuwahi kukana. Waoga wengine hujificha nyuma ya maneno makubwa. Twalibu alijificha nyuma ya mlango. Aliogopa mbwa, radi, askari, maiti, na mtu yeyote anayebisha hodi akiwa ameshika karatasi. Woga ukimpanda, mikono ilimtetemeka na ulimi ukamkwama, akawa anasaga mwanzo wa neno mara tatu kabla neno lenyewe halijatoka. Vijana wa barazani wakimwigiza, alicheka nao, kisha akawajibu kwa methali yake ya siku zote: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Na tuseme haki, mpaka anafika miaka arobaini kilio kilikuwa hakijapiga hodi kwake.

Ila mbele ya redio iliyokufa, mtu huyo hakuwa na mpinzani. Mikono ile ile iliyotapatapa mbele ya karani wa ofisi ya chama ilitulia tuli aliposhika chuma cha kulehemu, akakipasha kwenye jiko la mkaa na kugusa waya mwembamba kuliko unywele. Ufundi aliupata kwa Mhindi mmoja wa karakana ya reli, ambaye alifunga virago muda mfupi baada ya Azimio na kumwachia sanduku la vifaa na ushauri mmoja: usiguse kitu kabla hujakiangalia vya kutosha. Ushauri ulimfaa sana, maana kutogusa vitu ndiyo ilikuwa tabia yake tangu utotoni.

Alifanyia kazi barazani kwenye nyumba ya urithi, nyumba ya udongo ya babu aliyekuja Unyanyembe na misafara ya pembe akanogewa, asirudi pwani tena. Mkewe alikwisha achika na kuolewa Ujiji. Aliyebaki naye ni binti yao, Tatu, mwenye umri wa miaka tisa, na watu walishindwa kuelewa damu ile ilichanganywaje. Tatu alikamata mijusi kwa mkono. Alipanda mabehewa ya mizigo yaliyosimama stesheni. Akimwona baba yake amejibanza ndani kwa ajili ya radi, alitoka uani kuoga mvua, akimwita atoke naye aone ilivyo tamu. Twalibu alimpenda mtoto huyo mpaka mapenzi yenyewe yakawa woga mwingine juu ya ule wa kawaida.

Sasa, habari ya kioo ilianza na redio ya Kasimiri, mpiga picha. Kasimiri alikuja akilalamika kwamba redio yake ina shetani. Ikiwa sebuleni kwake inaimba vizuri. Ikiingia studio, chini ya zile taa zake kali za kupigia picha, inanguruma kama inataka kutapika. Twalibu aliifungua akaikagua siku nzima. Mwisho akaona kwamba transista moja, kidude cha kioo chenye miguu mitatu kilichopakwa rangi nyeusi, ilikuwa imechubuka rangi ubavuni. Aliifunika kwa kidole, ngurumo ikakoma. Akaondoa kidole, ngurumo ikarudi. Mwanga wa taa ulikuwa unaingia pale penye chubuko, na redio ilikuwa inausikia.

Mwingine angepaka rangi, akachukua ujira wake, akasahau. Twalibu alipaka rangi, akachukua ujira wake, halafu akatafuta transista nyingine kama ile kwenye takataka zake akaikwangua yote mpaka ikabaki uchi. Akaiunga kwenye redio moja mbovu isiyoshika tena stesheni, iliyobaki na sehemu ya kukuza sauti tu. Kisha akachukua balbu ya tochi akaiunga kwenye redio nzima, pale panapokaa spika, ili muziki badala ya kuitikisa spika uutikise mwanga. Akaielekeza balbu kwenye transista, toka ukuta huu hadi ukuta ule. Redio mbovu ikaimba taarabu ya redio nzima, na katikati hapakuwa na waya. Tatu alipitisha mkono kati yao, wimbo ukakatika. Akautoa, wimbo ukaendelea. Akacheka mpaka akakaa chini.

Kilichomshangaza Twalibu zaidi ni kingine. Kasimiri alikuwa amempa kipande cha filamu ya rangi iliyoingia mwanga kwa bahati mbaya, ikarudi kutoka Dar es Salaam imesafishwa nyeusi tititi, haina picha ya maana. Twalibu aliifunika balbu kwa filamu hiyo. Chumba kikawa giza, jicho halioni chochote, lakini redio mbovu iliendelea kuimba, kwa sauti ndogo, bila wasiwasi. Alirudia mara nyingi kabla hajaamini. Kumbe ndani ya mwanga mna mwanga mwingine, ule unaokwenda pamoja na joto, ambao Mungu hakumjalia binadamu kuuona, na kile kidude kilichokwanguliwa kinauona. Twalibu aliupenda mwanga huo tangu siku ile. Ulipita katikati ya watu na hakuna aliyeugeukia kuutazama.

Hakumwambia mtu. Siku zile hata kusikiliza redio kulihitaji leseni. Sembuse mtu kurusha sauti yake angani bila ruhusa ya serikali! Alimwapisha Tatu asiseme, akafunga vitu vyake kwenye gunia, akalitia chini ya kitanda.

Ukaja mwaka wa vita vya Kagera. Treni za askari zilipita Tabora zikielekea Mwanza, na nyuma yao zikaja hofu za kila namna. Balozi wa nyumba kumi alipita akitangaza kwamba majasusi wamejaa, kwamba wanaziashiria ndege za adui kwa vioo, na kwamba mwananchi akimwona mtu anamulikamulika atoe taarifa mara moja. Muuza mkaa mmoja, aliyefunga kioo kwenye usukani wa baiskeli ili aone magari yanayomfuata, alipigwa na mgambo mpaka akasahau alikuwa anaelekea wapi. Twalibu aliposikia hayo alikitoa kioo chake cha kunyolea ukutani akakilaza kifudifudi. Na kama vita havikutosha, kipindupindu nacho kikaingia.

Tatu alikuwa amekwenda Kaliua kwa shangazi yake Mwanne. Alirudi kwa treni Jumanne, mzima, anapiga kelele. Jumatano alfajiri alianza kuhara maji meupe kama ya kuoshea mchele, na hadi saa mbili macho yalikuwa yameingia ndani, vidole vimekunjamana. Jirani mmoja alikwisha kimbia kuwaita watu wa afya. Twalibu alipiga magoti kando ya mkeka akisikia lori linakuja, na hapo ndipo alipofanya kosa la maisha yake.

Maana aliamini walivyoamini wazee wake wote: anayehara hanyweshwi, hukaushwa. Ukimpa maji unamwongezea ya kuhara. Tena kulikuwa na uvumi mjini kwamba kule kwenye ghala wanakotengwa wagonjwa watu wanapewa maji yenye chumvi ili wamalizike upesi, kitanda kipate mwingine. Basi alimwinamia mwanawe sikioni.

"Tatu, ni-ni-nisikilize. Huko usinywe kitu cha mtu. Maji yatakuua. Hata wakikubembeleza, hata wakikupiga, usinywe mpaka usikie mimi baba yako nakwambia kwa mdomo wangu. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Watu wa afya wakambeba. Mmoja akabaki nyuma kupuliza dawa kuta zote.

Ghala lenyewe lilikuwa la nta, la zamani, nje ya mji ng'ambo ya mbuga, na kuta zake nene zilipakwa chokaa. Kamba ilifungwa kuzunguka eneo lote, kutoka mwembe mmoja hadi mwingine kwenye ile safu iliyopandwa na watu wa misafara kando ya njia ya Ujiji. Kutoka kwenye kamba hadi mlango wa ghala ni hatua mia tatu na ushei, na kando ya mlango ilifungwa injini ya kuvuta maji, ikinguruma mchana kutwa hata mtu akipiga kelele kambani asisikike mlangoni. Sheria ya kamba ilikuwa fupi. Kitu kinaingia, hakitoki. Chakula, nguo, Kurani, vyote viliingia. Hata barua haikutoka. Mtu naye vilevile: anayetaka kuingia kumuuguza wake ataingia, lakini hatatoka mpaka ugonjwa uishe. Mama mmoja wa Ipuli aliingia mbele ya macho ya Twalibu, kitenge kiunoni, bila hata kugeuka nyuma.

Twalibu alifika kambani Jumatano, akasimama. Alhamisi akasimama. Kila alipojiambia sasa naingia, miguu ilimgomea kabisa. Aliwaona wakitoa maiti mlango wa nyuma, zimefungwa turubai, akazipima urefu kwa macho ili ajue kama ni za watoto.

Alhamisi adhuhuri, muuguzi alikuja hadi karibu na kamba, akasimama hatua kumi. Alikuwa dada wa makamo, Bernadeta, mtoto wa wakulima wa upande wa Igalula, na macho yake yalionyesha kwamba hajalala tangu wiki iliyopita.

"Baba yake Tatu yuko hapa?"

"Mi-mi-mimi."

"Ndugu yangu, umemwambia nini huyu mtoto?" Sauti yake ilikuwa imechoka hata kukasirika. "Chupa za maji ya kutundika zimekwisha tangu jana, ya mwisho alitundikiwa yeye. Tulichobakiza ni dawa ya kunywa, maji ya chumvi na sukari, na wanaoyanywa wanapona. Wanapona, naona kwa macho yangu! Mwanao anabana meno. Nimembembeleza, nimempiga kofi, Mungu anisamehe. Anasema baba kakataza mpaka aje kumwambia mwenyewe."

"Mwa-mwa-mwambie nimeruhusu."

"Nimemwambia hivyo mara tatu. Anasema watu wazima huongopa. Ingia umwambie."

Twalibu aliitazama kamba. Ilikuwa kamba ya katani tu, ya kufungia ng'ombe.

"Nikiingia si-sitoki?"

"Hutoki." Akaelekeza kidole ghalani. "Kesho mchana asipokunywa, sitakuwa na la kukuitia tena hapa."

Hapo tusifichane: Twalibu hakuingia. Alisimama na kamba imemgusa tumbo, akamwona mwanawe ndani ya akili yake, akaziona na zile turubai, na miguu yake ikabaki pale pale ilipokuwa. Aibu ilimchoma hadi masikioni. Alimwambia Bernadeta amsubiri kesho asubuhi jua likipanda, kuna kitu atakileta, kisha akaenda zake nyumbani mbio, akilia njiani bila kujificha.

Nyumbani alilitoa gunia. Balbu ya tochi isingefika hatua mia tatu, hilo alilijua. Lakini jua lina mwanga wa bure, na linao hata ule usioonekana, tena tele. Alichukua kopo la maziwa ya unga akalitoboa pande zote mbili. Upande mmoja akauwamba mpira wa puto, mkavu, umekaza kama ngoma, na katikati yake akagandisha kipande cha kile kioo cha kunyolea, upana wa vidole viwili. Ukisema upande wa pili wa kopo, mpira unatikisika, kioo kinatikisika, na jua linalopiga kioo linaondoka limebeba sauti yako. Upande wa kupokea, aliiweka transista uchi katikati ya kichwa cha tochi kubwa, pale inapokaa balbu, na kuiunga kwenye redio iliyobaki na sauti. Mikono haikutetemeka hata mara moja. Kisha akabandika filamu nyeusi mbele ya kioo, ili miale itoke bila kuonekana, asije mtu akamwona anamulika.

Ijumaa saa tatu asubuhi alikuwa kambani. Alisukuma redio chini ya kamba kwa fimbo, akamweleza Bernadeta: aiweke mlangoni penye mkeka wa mtoto, kichwa cha tochi kitazame mwembe huu, kisikilizio kikae sikioni kwa Tatu. Akinywa, Bernadeta ageuze sinia la bati juani, limulike mara moja. Akikataa, mara mbili.

"Hii ni dawa ya kienyeji?" aliuliza Bernadeta.

"Ni re-redio tu, dada."

Aliichukua. Mtu anayezama hachagui ubao.

Twalibu aliliweka kopo kwenye panda ya tawi la mwembe, akalielekeza ghalani, akaweka mdomo. "Tatu. Mimi baba yako. Kunywa." Akarudia, akarudia tena. Kule mlangoni sinia likamulika mara mbili, likatulia, likamulika tena mara mbili. Hakujua kama mtoto amekataa au hajasikia chochote. Ndipo alipoligundua kosa la akili yake: mwanga usioonekana hauonekani hata na anayeurusha. Alikuwa anamwagia jua majani, au paa, au anga, na hana njia ya kujua. Ili alenge, sharti aione alama yake ukutani. Ili aione, sharti aitoe filamu. Na akiitoa, ataonekana na kila mwenye macho kuanzia pale hadi relini.

Alimkumbuka muuza mkaa. Akamkumbuka vizuri sana, na damu ilivyomtoka puani. Kisha akaing'oa filamu kwa kucha.

Alama ya jua ikaruka juu ya chokaa ya ghala, kubwa kama mlango, inang'aa hadi inaumiza macho. Aliisogeza polepole kwenye ukuta, ikapita dirisha, ikafika mlangoni, ikamwangukia Bernadeta usoni, naye akajikinga kwa mkono. Hapo hapo Twalibu akasema.

"Tatu, mwanangu. Ni mimi baba yako, fundi Twalibu wa Mtendeni. Maji hayo ni mazuri. Nimekuruhusu. Kunywa."

Alisema vizuri, kwa sauti iliyonyooka kama ya mtangazaji, maana alikuwa peke yake na chombo chake, na mbele ya vyombo hakuwa mwoga. Sinia likamulika mara mbili.

Hakuelewa. Mlangoni alama ilikuwepo, aliiona. Alisema tena, kwa uwazi zaidi. Mara mbili. Basi amechelewa, alijiambia. Basi mtoto hana tena nguvu ya kumeza.

"Wewe ndugu! Weka chini hicho kitu!"

Alikuwa mgambo, Lugembe kwa jina, amekuja mbio kutoka upande wa reli, na bunduki yake ilikuwa imeelekezwa kwenye mbavu za Twalibu. Twalibu alikikimbia kipindupindu, akakutana na risasi. Mikono ikaanza ngoma yake, na kule ng'ambo alama ikaruka kutoka mlangoni ikapanda paani.

"Nasema weka chini! Unaashiria nani?"

"Mwa-mwa-mwanangu."

"Mwanao yuko angani?"

"Yuko gha-ghalani. Nazungumza naye."

"Kwa kioo?" Lugembe aliikoki bunduki, ikalia kle-kle. "Unanifanya mtoto? Nahesabu tatu."

Kila kitu ndani ya Twalibu kilitaka kuachia lile kopo. Alishuka magoti, akajikojolea, suruali ikamlowa mpaka kwenye viatu, na machozi yakamziba macho. Lakini vidole havikuachia. Aliukumbatia mwembe kwa mkono mmoja, akabana kiwiko kwenye gome mpaka ngozi ikachubuka, ili mti umsaidie kutulia. Alama ikashuka kutoka paani. Ikacheza, ikapita mlango, ikarudi. Akapeleka mdomo kwenye kopo huku mdomo wa bunduki umemgusa mgongo.

"Ta-Ta-Tatu. Ku-ku-ku... kunywa. Kunywa, mwa-mwanangu. Ba-baba a-anaogopa. Kunywa upesi, nakuomba."

"Moja," alisema Lugembe.

"Ku-kunywa ka-kama..."

"Mbili."

Kule mlangoni sinia likamulika. Twalibu alingoja la pili. La pili halikuja.

Lugembe naye aliliona. Alifumba jicho moja akatazama ng'ambo. "Ile nini?"

"Ki-kikombe cha kwanza," alisema Twalibu. "Amekunywa kikombe cha kwanza."

"Gete? Kweli amekunywa?"

Twalibu alikwisha rudi kwenye kopo. Alisema lolote lililomjia ulimini, mwishowe hata majina ya stesheni kutoka Tabora hadi Kigoma, kwa kigugumizi, machozi yakiingia mdomoni, na bunduki haikuondoka mgongoni. Lakini tatu haikuhesabiwa. Ilipita muda mrefu, jua likasogea, akalifuata kwa kopo. Sinia likamulika mara moja. Baadaye sana, mara moja tena. Hapo Lugembe akasema amri ni amri, akampokonya kopo, akalivunja kwa kitako cha bunduki, akamfunga mikono kwa mkanda wake mwenyewe.

Siku mbili alikaa mahabusu pamoja na wezi wa kuku, akiulizwa swali lile lile kwa namna tofauti. Barua ya Bernadeta ingemtoa siku hiyo hiyo, ila barua hazitoki ndani ya kamba. Mwisho ofisa mmoja alipelekwa kambani, Bernadeta akaja akamwelezea yote kwa kupaza sauti, na Twalibu akaachiwa baada ya kuonywa asicheze tena na vioo wakati wa vita. Aliitikia ndiyo bwana mkubwa mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Aliachiwa bila kujua lolote zaidi ya vikombe vitatu. Alirudi kambani akakaa hapo kila siku, hana kopo, hana kioo, kwa siku tisa. Siku ya kumi wakaanza kuwatoa waliopona, mmoja mmoja, wakipita kwenye beseni la dawa. Tatu alitoka wa nne. Nguo zake zilikwisha chomwa, akavishwa gauni la muuguzi lililomburuza chini, na shingo yake ilikuwa nyembamba hata Twalibu akaogopa kuikumbatia. Aliikumbatia hivyo hivyo.

Walikwenda nyumbani taratibu kwa njia ya zamani, wakipumzika kila baada ya miti mitatu. Twalibu aliuliza swali lililomkereketa tangu mahabusu.

"Mwanangu, mwanzoni ulinisikia?"

"Nilisikia mtu. Anasema mimi fundi Twalibu wa Mtendeni." Tatu alikunja pua. "Nikamwambia dada Bernadeta, huyo si baba. Redioni wamo watu wengi, na wote wanajua kusema vizuri."

"Halafu?"

"Halafu ukaanza ku-ku-ku. Sauti ikawa inakatika, inatetemeka. Nikajua sasa ni wewe, nikasema nipeni maji."

Twalibu alicheka, kisha akapiga goti, akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Tatu alimngoja. Alimtazama baba yake pale chini kwa muda, kwa yale macho yake yasiyo na haya.

"Mama yake Flavia aliingia," alisema. "Wa mkeka wa pili. Aliingia akakaa naye. Nilikuwa natazama mlangoni kila siku. Mbona wewe hukuingia?"

Angeweza kusema chochote. Angeweza kusema walimzuia, na hakuna ambaye angembishia. Alibaki amepiga goti, mkono kwenye kiatu.

"Niliogopa, mwanangu."

Treni ilikuwa inaingia stesheni, mabehewa yanapigana, na Tatu hakugeuka hata kuitazama. Akanyoosha mkono wake mwembamba, akamshika baba yake kidole kimoja.

"Hata mimi," alisema.